Bega la Kuume

Ihembe, Karagwe
Jumapili, 20 Aprili 1952

Kwa kaka yangu mpendwa Rwegasira, Mwanza.

Tumsifu Yesu Kristu, kaka, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi limeshang'olewa. Huku nyumbani mama yetu Kokushubira hajambo. Goti humsumbua mvua zikinyesha, na mwaka huu mvua hazina mchezo. Barabara ya Nkwenda imekatika mara mbili na malori ya kahawa yamelala njiani. Migomba imestawi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Hayo ndiyo mazuri, nimeyatanguliza ili nisije nikayasahau.

Sasa nakuomba jambo. Barua hii isome peke yako, tena uisome mpaka mwisho, kabla hujamweleza shemeji na kabla hujanijibu kwa hasira. Nakujua. Wewe husoma mistari mitatu ukaanza kutafuta kalamu. Safari hii nivumilie, kwa sababu maisha ya mdogo wetu Melkiory yamo humu. Mzee Kashaija wa Nkwenda ametupa muda mpaka sikukuu ya Kupaa Bwana. Ikipita siku hiyo pasipo mkubwa wa nyumba yetu kufika mbele yake na kujibu, ataturudishia mbuzi wetu wote, na binti yake Xaveria, aliyeposwa na Melkiory, ataolewa kwingine.

Mkubwa wa nyumba ni wewe. Mimi nilikwenda kwake mara moja, nikakaa, nikanywa pombe ya rubisi aliyonipa, nikarudi bila kusema nililoliendea. Utaona kwa nini.

Unakumbuka nilikueleza kwamba Padre Placidius, yule Mhaya wa Bukoba aliyeletwa kwetu, anajenga kanisa la matofali. Mwezi wa Septemba mwaka jana aliniita akasema anataka Msalaba mkubwa nyuma ya altare, na Kristu juu yake, wa mti, mrefu kuliko mtu yeyote wa Karagwe, ili hata bibi aliyekaa karibu na mlango na macho yake mabovu amwone. Nilimwambia mimi ni mchonga mitumbwi ya kukamulia ndizi, kama alivyokuwa marehemu baba, na kwamba kitu pekee chenye sura nilichowahi kuchonga ni kichwa cha ng'ombe kwenye fimbo ya mzee mmoja. Akajibu kwamba mtu anayeweza kuchimba gogo likashika pombe ya kijiji kizima bila kuvuja hawezi kushindwa na umbo la mtu. Mimi na sifa, kaka, unatufahamu. Nilirudi nyumbani nikiwa sigusi ardhi.

Tulikata mvule mmoja mkubwa upande wa Nkwenda. Wanaume ishirini na wawili waliuvuta siku tatu mpaka kwenye banda langu. Kichwa, kiwiliwili na miguu nilivitoa katika gogo moja, na mikono nikaitoa katika matawi mawili mazito, ya kuunganishwa mabegani kwa vigingi vya mti. Mgongo niliuchimba ukawa wazi, kwa sababu mti mnene ukiachwa na moyo wake hupasuka. Kristu wetu ukimtazama kwa nyuma ni mtumbwi wa pombe kabisa. Nilimpaka mafuta ya nyonyo, nikamfunika kwa majani ya migomba kila jioni ili asikauke kwa pupa. Kazi hiyo naijua.

Nisichokijua ni mwili wa mtu. Basi nikamwomba Melkiory asimame mbele yangu na mikono ameinyoosha, nami nimtazame. Alikubali kwa furaha. Kila akitoka shambani alivua shati, akapanda juu ya kigoda, akashika kamba mbili nilizozining'iniza kwenye boriti, akaanza kunipigia soga za Xaveria mpaka nikamwambia anyamaze, maana akicheka mbavu zote zinahama. Miezi miwili tulifanya hivyo. Ilikuwa miezi mizuri, nakuambia ukweli. Tulikuwa hatujakaa pamoja hivyo tangu utotoni.

Mwezi wa Februari Padre alikuja kutazama. Alizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema kwamba kazi ni nzuri ila mtu huyu amesimama. Amesimama tu na kunyoosha mikono. Angetaka angeshuka akaenda zake nyumbani. Alisema Kristu hakusimama msalabani, alining'inia. Halafu akanikumbusha kwamba Ijumaa Kuu ni tarehe kumi na moja Aprili, akaaga.

Kaka, nilitaka kumtupia patasi. Na nilitaka hivyo kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wiki tatu sikuugusa mti ule. Nilikwenda mnadani kutazama mbuzi waliochinjwa wakining'inia kwenye miti. Nikasimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nahesabu nzi. Nilimpigia kelele mama kwa sababu ya chumvi. Kila mtu aliyenikuta njiani aliniuliza Bwana amefika wapi, nami nikaanza kupitia njia za mashambani ili nisiulizwe. Bahati yangu ni kwamba nilikuwa nimeacha mti mnene kifuani na mabegani. Nafasi ya kurekebisha ilikuwapo, bali sikuwa na kitu cha kuweka.

Hapo ndipo nilipomwambia Melkiory kwamba kosa ni mikono yake. Mtu akishika kamba hujibeba mwenyewe, akifungwa hawezi. Akasema basi nimfunge. Sikumlazimisha, na hilo Mungu analijua.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Nilimfunga vifundo vya mikono kwenye boriti kwa kamba, nikatia nguo kuukuu chini ya kamba zisimkate, naye akasimama juu ya kigoda. Sasa nakueleza mambo kama yanavyojulikana na watu wote, kama alivyoyasema Melkiory mwenyewe mbele ya mama, mbele ya Padre, na mbele ya daktari. Alisema kwamba kigoda kiliteleza kwenye chembe za mti. Fundo la mkono wa kushoto likalegea kiasi, hivyo uzito wake wote ukaangukia bega la kuume, na vidole vya mguu mmoja tu vikigusa chini. Mimi wakati huo nilikuwa nachonga, nimeinama, tezo limeshauma mti. Kwa hiyo yeye hakuniita.

Wewe huhitaji kuelezwa zaidi, umekulia nyumba ile ile. Mgeni angeshangaa, lakini wewe unaujua mwiko wa baba. Tezo likishauma mti, mchongaji hasemeshwi wala haitikii, mpaka aliweke chini mwenyewe, la sivyo mtumbwi utavuja na pombe ya mwenyewe itapotea. Unakumbuka siku bibi alipokata roho. Tulisimama sote watatu mbele ya baba, kimya, Melkiory ananing'inia kwenye kanzu yako, tukingoja aweke tezo chini ndipo tumwambie kwamba mama yake amekufa.

Basi Melkiory alining'inia pale tangu kengele ya adhuhuri ilipolia kanisani mpaka mama alipoleta chakula. Ni karibu nusu saa. Mama alifika mlangoni, akaniona na tezo mkononi, akamwona mwanawe amekuwa rangi ya majivu, akauvunja mwiko. Alipiga ukelele mpaka majirani wakaja. Nilimshusha mimi mwenyewe. Mkono wa kuume ulianguka ubavuni mwake, na tangu hapo haujainuka.

Daktari alimtazama siku mbili. Alimchoma sindano vidoleni, Melkiory hakusikia kitu. Akasema mishipa ya fahamu imevutika ikakatika ndani ya bega, na kwamba hakuna dawa. Kijana aliyekuwa akilima robo eka kabla jua halijawa kali, leo hawezi kuinua kikombe kwa mkono ule. Ameufunga kifuani kwa kitambaa cha mama ili usimgonge anapotembea.

Habari zilifika Nkwenda kabla yetu, na mzee Kashaija hakufanya haraka. Nampa haki yake, si mtu mbaya. Kahawa yake ni safi na neno lake ni safi. Alituita, akamsikiliza Melkiory mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani mwenye kosa. Melkiory akasema hakuna. Akauliza kama mimi niliitwa nikakataa kusikia. Melkiory akasema sikuitwa, na hata ningeitwa tezo lilikuwa ndani ya mti, na mwiko ni mwiko. Mzee akatikisa kichwa. Alisema kwamba kama hakuna mwanadamu mwenye kosa, basi aliyempiga ni Mungu. Kijana amejiweka mahali pa Bwana, amenyoosha mikono kama Bwana, na Bwana amemnyang'anya mkono. Mkono mmoja si kitu, alisema, wapo walemavu wenye nyumba nzuri. Ila binti yake hawezi kumtia katika nyumba ya mtu aliyepigwa na Mungu, watoto wakaja kulipa.

Xaveria alikuwa nyuma ya pazia akisikia. Baadaye alimtumia Melkiory ujumbe kwamba yeye haamini maneno hayo, lakini hawezi kumpinga baba yake bila kuwa na neno la kumjibu. Na neno hilo, kaka, ninalo mimi.

Watu nao hawakunyamaza. Sasa Melkiory akipita wanawake wanafanya ishara ya msalaba. Mtoto mmoja alimuuliza kama ni kweli Mungu alimtokea akamkata. Yeye hucheka. Halafu jioni hukaa nyuma ya nyumba peke yake, na mama hapendi nimfuate.

Kazi niliimaliza. Utaniuliza niliwezaje. Niliweza, ndiyo hivyo. Baada ya siku ile sikuwa na shida tena na mti. Kila nilipoweka patasi, mti ulinipa nilichotaka. Jumatano ya Juma Kuu tulimpandisha ukutani kwa kamba na watu kumi na wanane. Padre alisimama chini yake, nikaona anafuta miwani yake.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa mpaka nje. Wakati wa kuabudu Msalaba watu walikuja kwa magoti, wakafika miguuni, wakabusu, wakainua macho, na kila aliyeinua macho aliona lile bega. Limepanda juu karibu na sikio, kwapa limevutika, mbavu za upande ule zimefunguka na tumbo limezama. Kichwa kimeangukia huko huko. Huyo hawezi kushuka akaenda zake. Wazee walilia. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo nikiwahesabu waliolia, Mungu anisamehe.

Melkiory alikuja na wanaume wengine. Alibusu miguu, akainua macho, akatazama kwa muda mrefu kuliko wote, mpaka aliyekuwa nyuma yake akamgusa. Jioni nilimkuta kwenye migomba. Aliniambia kwamba limefanana. Hakunitazama kwa ubaya, akaendelea kuvuta majani makavu kwa mkono wa kushoto.

Kaka, sasa pumua, usome polepole.

Tezo halikuwa ndani ya mti. Tezo lilikuwa chini.

Nilikuwa nimemaliza kulinoa, nimeliweka juu ya chembe za mti, nami nimekaa kwenye kipande cha gogo nikimtazama Melkiory. Nilikiona kigoda kikiteleza. Nilimwona akishuka, nikasikia bega likilia. Macho yetu yalikutana. Akaniambia, kaka, nishushe. Hakupiga kelele, alisema kama mtu anayeomba apishwe njia. Nikasimama. Nilipiga hatua moja kwenda kwake, na katika hatua hiyo nikaliona. Kitu nilichokuwa nikikitafuta wiki tatu kilikuwa mbele yangu, chote, katika ngozi ya ndugu yangu, na nilijua nikimshusha kitaondoka, na kwamba sitathubutu kumwomba arudie.

Nilirudi nyuma ile hatua. Nikainama, nikaliokota tezo, nikalipiga kwenye mti.

Nililiokota ili nisiwe na wajibu wa kumwitikia. Hiyo ndiyo kweli, na tangu siku ile nimejaribu kuiandika kwa namna nyingine nikashindwa. Mwiko wa baba uliwekwa ili kazi isiharibike. Mimi nilijificha ndani yake ili nimharibu mtu.

Na yeye, kaka, alipolisikia tezo limeuma mti, hakuniita tena. Hata mara moja. Alikuwa amejifunza pale pale tulipojifunza mimi na wewe. Nilikuwa nikichonga nikisikia pumzi zake, nikainua macho kila baada ya mapigo machache kutazama bega, nikainama tena, na yeye alining'inia kimya akaiheshimu kazi yangu. Nusu saa. Kama mama angechelewa kwa sababu ya kuni, ingekuwa saa nzima, maana mimi nilikuwa sijamaliza.

Kisha akamdanganya kila mtu kwa ajili yangu. Hatujawahi kulizungumza. Alisema hakuniita, nami nikakaa kando yake kwa mzee Kashaija na bilauri ya rubisi mkononi, nikaacha Mungu abebeshwe kosa langu, na Melkiory abebeshwe laana ya Mungu.

Utasikia kutoka kwa watu kwamba Pasaka sikupokea komunyo. Wengine wanasema najinyenyekeza. Mama ameniuliza mara mbili, nimemjibu vibaya. Jumamosi Kuu nilikwenda kuungama kwa Padre Placidius, nikamweleza yote haya. Kisha akaniuliza kama najuta. Nikasema najuta kwa ajili ya mkono wa Melkiory, na machozi yalinitoka, hayakuwa ya uongo. Akaniuliza tena, kama ningerudishwa katika ile Jumanne, bega liko mbele yangu na tezo liko chini, ningekwenda kumshusha? Nilitafuta jibu, kaka. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Nilipiga magoti pale mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kukohoa, na neno halikuja. Padre akasema kwa upole kwamba hawezi kuniondolea dhambi ambayo bado nimeishika, nirudi nitakapoweza kuiacha. Nikatoka.

Sasa nisikilize ninachotaka. Uombe ruhusa kazini, upande meli mpaka Bukoba na lori mpaka huku, ufike kabla ya Kupaa Bwana. Nenda Nkwenda pamoja na wazee wawili wa ukoo, ukamsomee mzee Kashaija barua hii mbele ya Xaveria. Usifupishe, na usinisitiri kwa kuwa ni ndugu yako. Yeye aliuliza ni nani mwenye kosa. Mwambie ni Gaudiosus, aliyeitwa akasikia. Mungu hakumpiga Melkiory. Nilimpiga mimi, kwa kutotembea hatua tano. Mkwe wake hana laana yoyote, ana kaka mbaya tu, na kaka mbaya hazai watoto wa mtu mwingine. Melkiory atakukatalia. Atasema nimechanganyikiwa kwa huzuni. Usimsikilize, na usimwonyeshe barua hii mpaka umekwisha kuisoma kule.

Najua kitakachofuata. Hakuna atakayenipa gogo tena, hata la mtumbwi. Mama huenda asile nilichokileta kwa muda. Na wazee wa kanisa wakisikia mti ule ulichongwa vipi, watamwomba Padre amshushe yule Kristu ukutani, na kama wakiamua ashushwe, basi na ashushwe.

Nimeandika mstari huo wa mwisho nikakaa nikiutazama. Si kweli. Sitaki ashushwe. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani napitia kanisani wakati hakuna mtu, nasimama chini ya bega lile, na nafurahi. Nafurahi, kaka, huku naujua mkono uliolilipia. Msomee mzee Kashaija na hapo pia, ili ajue hasa ni nyumba gani anayoipa binti yake, na ili asije akadhani nimetubu.

Nifikishie salamu kwa shemeji na watoto wote, na kwa jirani yako yule wa Muleba aliyenibebea msumeno. Mama anakusalimu sana, anauliza kama blanketi alilokutumia lilifika. Melkiory anakusalimu. Yuko nje sasa hivi anajifunza kushika panga kwa mkono wa kushoto, anaikata migomba yangu vibaya, na ninamsikia akicheka peke yake.

Bwana awe nawe njiani. Fika upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudiosus